Picha Mbichi

Mimba yangu ilinitapisha mpaka nikawa natapika vyakula nilivyokula nikiwa darasa la nne. Natania, lakini si sana. Mimi Nakijwa, niliyeshusha magunia ya tangawizi kutoka milima ya Same tangu nikiwa msichana, niliyewahi kupinduka na lori na kutoka chini yake nikidai nauli yangu, nililazwa kitandani na kitu ambacho, kwa mujibu wa wataalamu, kilikuwa na ukubwa wa ndimu.

"Mimba ya uzeeni ina hasira," alisema mama mkwe wangu, Mama Aikande, akinisogezea bakuli la mtori wa ndizi. "Halafu huyo ni Mchaga. Amechoka kukaa ndani ya Mpare."

"Mtori wenyewe ndio ninaoutapika, Mama."

"Unautapika kwa sababu unaunywa Kipare. Unaonja onja kama vile utalipishwa."

Ndivyo tulivyoishi mimi na yeye. Wapare na Wachaga ni watani, na anayekasirikia utani ana lake jambo. Kwake mimi nilikuwa bahili mpenda kesi, mtu wa kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kwangu yeye alikuwa mtu ambaye akienda msibani, kabla hajalia, hukadiria bei ya jeneza. Mwanawe Aminieli, fundi wa pampu za maji, alinioa mimi nikiwa na mvi na yeye akiwa na kipara, na hakuna aliyetudai mtoto. Nilipobeba mimba nikiwa na miaka arobaini na sita, mimba ya kwanza maishani mwangu, Mama Aikande alikwenda zizini akamwambia ng'ombe wake kabla ya kuwaambia majirani.

Siku ya kumwona mgeni, ukoo wote wa Temu ulipanda ghorofa ya juu ya Kituo cha Faraja, pale Moshi mjini. Dirisha la Chumba cha Kuonea linatazama mlima. Halmashauri ilikuwa bado inaumulikia mlima theluji ya taa kwa ajili ya watalii. Ile ya kweli ilikwisha kabla sijazaliwa. Asubuhi hiyo fundi wao alichelewa kuwasha, kilele cha Kibo kikabaki kipara mbele ya wageni.

"Mume wangu, mmefanana," nikamwambia Aminieli. Wakacheka wote, hata shangazi zake ambao hawanipendi.

Nililala chini ya Kioo. Kioo hakimgusi mtu. Kinapeleka mawimbi ya sauti tumboni, kinapima damu kwa pete unayovishwa kidoleni, kisha kinachora, na mtoto anasimama hewani katikati ya chumba, mkubwa kama wewe na mimi, ngozi inang'aa, macho yanafumbuka taratibu. Wapo wanaopiga magoti. Bibi mmoja wa Kibosho inasemekana alimpa mkono.

Wetu alikuwa na pua ya akina Temu. Pua ile haifichiki. Ni pua inayofika kwenye sherehe kabla ya mwenyewe. Aligeuza kichwa, akanyoosha vidole, akatabasamu. Mimi niliyetania hata kwenye maziko ya baba yangu nilisahau utani.

Mama Aikande alisimama, kitenge kimemkaa sawasawa. "Ninamwona," akasema. "Ni Ndetaramo."

Lilikuwa jina la marehemu mume wake. Vigelegele vikapasua dari. Kioo kikasikia, kikaandika, na chini ya miguu ya mtoto ikatokea namba yake. Ndiyo sheria: mtoto akishaonwa na ukoo na kupewa jina, amekuwa raia, na tumbo lililombeba haliguswi na dawa wala chombo mpaka namba ifungwe. Hapo hapo Mama akamgawia mjukuu wake ndama jike, mbele ya mashahidi.

Mimi nilikuwa natapika kwenye beseni. Ndetaramo alinitazama na tabasamu lile lile, hakupepesa.

*

Wiki zilizofuata tumbo lilikua kama lina mkataba na mtu. Waliokutana nami sokoni walidhani nakaribia kujifungua. Moyo ulinidunda nikiwa nimekaa, mikono ikanitetemeka, nikawa namwaga chai. Kisha nikaanza kutokwa na damu, na ndani ya damu vikatoka vijipira vidogo, vyeupe, vyenye maji, mfano wa zabibu. Siku niliyokohoa nikaona wekundu kwenye leso, Aminieli alinibeba mpaka wadi ya chini ya Kituo, yeye mwenye mgongo mbovu.

Daktari wa wadi alikuwa Dokta Zubeda Mrindoko, Mpare mwenzangu wa Usangi, mwanamke mrefu, mkavu, anayeongea kama anayehesabu maneno yasimwishie. Alisikiliza habari za vijipira vyangu, akauliza kuhusu kutapika, akafunga mlango. Kisha akavuta kutoka chini ya meza mashine iliyokwaruzwa, ina tope kwenye nyaya na harufu niliyoijua.

"Dokta, hii inanuka zizi."

"Ni ya bwana mifugo. Nimeiazima."

"Nimekuwa mkubwa, lakini si kiasi hicho."

Hakucheka, ila mdomo ulimcheza. "Dada yangu, mashine zote za kutazamia mimba za binadamu mjini hapa zinaunganishwa na Kioo, na Kioo kina urembo. Mawimbi yakirudi na ukungu, chenyewe kinajazia. Kimefundishwa kwa mamilioni ya watoto, kwa hiyo kinajazia mtoto. Ng'ombe hawapigi vigelegele. Mashine yao hakuna aliyeona sababu ya kuipamba. Hii inatoa picha mbichi."

Akanipaka ute wa baridi, akanigeuzia kioo kidogo cha mashine. Nilitafuta pua. Nilitafuta kichwa, mkono, hata kidole kimoja. Palikuwa na chembe nyeupe zilizotapakaa kwenye weusi, tumbo zima, bila kituo, kama televisheni isiyoshika stesheni.

"Vitabu vya zamani vinaiita dhoruba ya theluji," alisema Dokta.

"Kumbe imehamia huku," nikasema. "Halmashauri wanahangaika bure na mataa yao."

Kisha nikalia. Yeye akaniacha, akashika tu mguu wangu juu ya shuka, mpaka nilipomaliza.

Alinieleza taratibu. Wanaiita mimba zabibu. Mbegu na yai hukutana vibaya, mtoto hatengenezwi kabisa, linaota kondo la nyuma peke yake, kondo lisilo na wa kumlisha, nalo linajaa maji kama mkungu wa zabibu. Hutoa homoni ya mimba kwa wingi wa kutisha, ndiyo maana ya kutapika kule na moyo kwenda mbio. Na pete ya Kioo ilipoonja homoni hiyo kwenye damu yangu, Kioo kikaamini pana mtoto mwenye afya tele, kikamchora mzuri kupita kiasi.

"Mara nyingi tunasafisha mji wa mimba, yanaisha," alisema. "Kwako imegeuka." Akaweka ukutani picha ya kifua changu, hiyo ya mionzi ya kawaida isiyo na urembo. Mapafuni mlikuwa na mviringo mweupe hapa, mwingine pale, mwingine chini karibu na moyo. "Hii sasa ni saratani ya kondo. Inasafiri kwa damu. Sitaichokoa kuchukua kinyama cha kupima, maana ikiguswa inavuja damu kama bomba lililopasuka. Lakini nisikilize: katika saratani zote ninazozijua, hii ni miongoni mwa zinazosikia dawa. Hata ikifika mapafuni inasikia. Tatizo haina subira. Ikifika kichwani tutaongea lugha nyingine."

"Basi nipe dawa."

"Kabati halifunguki." Alilionyesha, kabati la chuma lenye taa nyekundu. "Linasoma namba ya Ndetaramo. Dawa hizi zinaua mimba, na wewe kwa sheria una mtoto hai. Hata geti la Holili litakurudisha ukijaribu kuvuka kwenda Kenya. Namba hufungwa kwa njia mbili, kuzaliwa au kufa."

"Na asiyekuwepo?"

Dokta Mrindoko alivuta kiti akakaa. "Ipo njia ya tatu. Aliyetoa jina analirudisha. Anasimama mbele ya Kioo anasema hakumwona mtoto. Jina likirudishwa, sheria inataka Kioo kivuliwe urembo, na picha mbichi za wote waliowahi kuonwa zifunguliwe. Haijawahi kutokea. Ni bibi gani atamkana mjukuu aliyemwona kwa macho yake?"

*

Mkurugenzi wa Kituo, Tumsifu Urio, alinifuata kitandani kesho yake. Mtu nadhifu, sauti laini, viatu visivyopiga kelele. Aminieli alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yangu.

"Poleni sana," alisema. "Nimeongea na wenzangu. Tunaandika kwamba mtoto amefariki tumboni. Mama anaweka kidole hapa, namba inafungwa, kabati linafunguka, leo hii anaanza dawa. Jeneza dogo litatoka kwetu. Ukoo utazika kwa heshima."

"Tutazika nini?" nikauliza.

"Mama, kinachozikwa si swali. Swali ni faraja."

"Maana nilichobeba ni zabibu, mkurugenzi. Mnataka tumzikie Mama Aikande matunda?"

Alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni ya benki. "Mkikataa, mnaweza kulalamika. Baraza linakaa mwisho wa mwezi ujao. Dokta amekueleza kuhusu subira." Akaacha kibao cha kuwekea kidole juu ya meza yangu, akaondoka kwa viatu vyake visivyosikika.

Aminieli alikichukua kile kibao akaniwekea mapajani.

"Weka kidole, mke wangu."

"Ni uongo, Mangi," nikamwambia, kwa jina tunalowatania Wachaga wote.

"Najua ni uongo. Nimekesha nikiujua. Mimi sikumuoa Ndetaramo, nilikuoa wewe. Wewe ukifa kwa ajili ya ukweli, ukweli utanipikia? Utanitukana asubuhi?"

"Na Mama je?"

"Mama atapata kaburi la kupandia maua. Ukimwambia hakuwepo, unampa nini? Unamnyang'anya mjukuu na msiba wake pia. Ana miaka themanini, Nakijwa. Mwache alie kitu."

Hapo alinipata. Kesi zote nilizowahi kushinda, nilishinda dhidi ya watu ninaowachukia. Sikujua namna ya kupigana na mtu anayenipenda, tena anayesema sawa. Nilikiinua kidole. Nilikuwa nakohoa, na kila nikikohoa nilionja chuma.

Kwenye kitanda cha pili, binti anayeitwa Siaeli akatapika.

Alikuwa na miaka ishirini, mshona viatu wa Majengo, mcheshi, anaweza kuigiza sauti ya Dokta Mrindoko mpaka ukageuka kutazama mlango. Alikuwa ametundikiwa dripu kwa sababu tumbo lake halishiki hata maji. Mikono yake ilitetemeka alipokuwa anajifuta, na tumbo lake lilikuwa limezipita mbio tarehe zake.

"Samahani shangazi," akaniambia. "Huyu wangu atakuwa mkorofi. Kesho ndiyo namwona, shangazi zangu wameshonesha sare. Wako alikuwa mzuri eti? Nimesikia alikuwa mzuri ajabu."

"Mzuri kupita kiasi," nikasema.

Nikamtazama Aminieli. Yeye pia alikuwa ameona ile mikono. Ni fundi, anajua pampu mbili zikitoa mlio mmoja maana yake ni nini. Akainamisha kipara chake.

"Huyu akishaonwa kesho," nikamnong'oneza, "naye atafungiwa kabati. Na mimi nikisema wangu alikuwepo akafa, Kioo kimesema kweli, kesi imekwisha. Nani atakiuliza tena?"

"Labda si hivyo. Labda yeye ana mtoto kweli."

"Labda. Basi kionyeshe bila poda."

"Nakijwa." Alivuta kiti chake karibu. "Usiniache kwa ajili ya mtoto wa watu."

Nilishika mkono wake. Ningeweza kusema maneno makubwa, lakini sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni hasira, na hasira nayo ni aina ya nguvu ukiwa huna nyingine. Kitu kilikuja kwenye mwili wangu, kikala, kikaitwa mwanangu, na sasa nilitakiwa nikivalie nguo nyeusi.

"Kilinidanganya mara moja nikiwa nimelala," nikasema. "Mara ya pili siwezi kukisaidia nikiwa macho." Nikakitupa kibao chini ya kitanda. Kilipasuka vizuri.

*

Lakini Aminieli, kwa woga wa mapenzi, alikuwa tayari amemwambia mama yake kwamba mtoto amefariki. Asubuhi Mama Aikande aliingia wadini amejifunga kanga kichwani, uso umemshuka, hana hata tusi moja mdomoni. Hilo lilinitisha kuliko picha ya kifua.

"Pole, mwanangu," akaniambia. Hajawahi kuniita mwanangu. "Nimekuja kumchukua baba yetu Ndetaramo nimpeleke kihambani, kwenye shamba la ukoo. Wameshachimba chini ya migomba."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Kabla sijatoa hata moja, Mkurugenzi Urio akaingia, na safari hii alikuja tofauti: amevaa koti, amevua tabasamu, na mikononi ameshika kwa adabu jani refu la isale, limefungwa fundo.

Kwa asiyejua, isale ni jani la mmea wa mipakani, na kwa Mchaga ni zaidi ya maneno. Ukiletewa isale hukatai. Ndugu waliotaka kuchinjana wamewahi kulipokea wakakaa kula pamoja. Urio alikuwa Mchaga wa Marangu, na nadhani alifanya hesabu yake usiku ule: Mpare huyu ameolewa nyumba ya Kichaga, nikimletea isale mbele ya mkwewe, atalazimika kunyamaza.

Akapiga goti mbele yangu. "Mama Temu, nimekuja kimila. Yaliyotokea yaishe nyumbani. Tusamehe, mtoto apumzike."

Siaeli aliacha kutapika kwa heshima.

Mama Aikande alilitazama jani. Akamtazama Urio. Akalitazama jani tena, na polepole uso wake ukaanza kurudi mahali pake.

"Wewe ni mtoto wa Urio yupi?"

"Wa Marangu, Mama."

"Wakakufundisha isale?"

"Ndiyo, Mama."

"Wakakufundisha vibaya. Mfiwa haletewi isale, baba. Mfiwa huletewa pole, na sukari. Isale analeta mkosaji." Akasogea mpaka kivuli chake kikamfunika. "Umemkosea nini mke wa mwanangu?"

Urio alitazama jani kana kwamba limemng'ata.

"Ni... ni kwa ajili ya usumbufu, Mama."

"Usumbufu! Kwa usumbufu mtu anakata isale? Basi hata daladala zingetembea na kichaka kizima cha isale. Simama. Nakijwa, huyu amefanya nini?"

Nikamwambia. Sikuweka urembo. Nilisema hakukuwa na mtoto, Mama, hata siku ile, hata pale uliposimama. Nilisema ni ugonjwa, umefika mapafuni, na wanataka tuuzike kwa jina la mumeo ili mashine yao ibaki na heshima. Aminieli alikuwa mlangoni, ameshika fremu.

Hakulia. "Nionyeshe," akasema.

Dokta Mrindoko hakuuliza ruhusa ya mtu. Alivuta mashine, na Mama Aikande alipoiona akainua nyusi.

"Hii si ya bwana mifugo?"

"Ndiyo, Mama."

"Naijua. Imepima ng'ombe wangu mpaka ng'ombe wanaisalimia."

Akavuta kigoda akakaa karibu na tumbo langu kama anavyokaa zizini, viwiko magotini. Dokta akapitisha kifaa. Theluji ikajaa. Mama aliisogelea, akaitazama muda mrefu, mdomo ukitembea bila sauti. Alikuwa ameona ndama wengi kwenye kioo kile kile, na nadhani alikuwa anatafuta anachokijua: mgongo kama uzi wa shanga, moyo kama kisulisuli kidogo.

"Pitisha tena kushoto."

Dokta akapitisha.

"Tena huku."

Akapitisha.

"Ile pua," Mama akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo. "Daktari, ile pua niliiona kwa macho yangu. Pua ya mume wangu. Mashine ingeijuaje?"

Nilimwona Dokta Mrindoko akitafuta njia ya kulainisha, akaikosa. "Kioo kinatazama chumba kizima, Mama, si tumbo peke yake. Kiliwaona mlivyokaa. Pua kilichukua kwenu."

Mama Aikande alishika pua yake. Aliishika tu, kama mtu anayehakikisha kama mlango umefungwa.

"Kwa hiyo nilijipigia kigelegele mwenyewe," akasema.

Niliweka mkono begani pake.

"Mama," nikasema, "ukitaka kaburi, nitaweka kidole. Sasa hivi. Nakuapia sitakulaumu."

Nilimaanisha. Ningetoa kila kitu asiutazame tena ule weusi. Alinigeukia na macho makavu, mekundu.

"Mpare," akasema, na nilifurahi kuitwa hivyo kuliko jina lolote, "umeanza lini kukubali kushindwa kesi?"

*

Walinisukuma na kitanda changu mpaka ghorofa ya juu, Dokta mbele, Aminieli nyuma akiendesha kama mtu anayekimbiza majeruhi wa vita. Urio alipanda ngazi akiongea na simu yake, halafu simu ikawa haina wa kuongea naye. Mlangoni pa Chumba cha Kuonea shangazi za Siaeli walikuwa tayari wamejipanga kwa sare za zambarau, koo zimelainishwa kwa asali. Siaeli mwenyewe aliletwa na kiti cha magurudumu, dripu juu ya kichwa.

Mama Aikande aliingia akasimama pale pale aliposimama siku ile. Ndetaramo akatokea hewani. Alikuwa amekua. Kioo kilikuwa kimemkuza kwa kufuata tarehe. Alikuwa na nywele sasa. Akamtabasamia bibi yake, akanyoosha mkono.

Niliogopa wakati huo kuliko wakati wowote. Mimi mwenyewe, ninayejua, nilitaka kuushika.

"Bibi Aikande Temu, mtoa jina," kikasema Kioo kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Mtoto amezaliwa, au amefariki?"

"Wala."

"Samahani, sijakuelewa. Amezaliwa, au amefariki?"

"Hukunielewa kwa sababu hukufundishwa. Sasa fundishwa." Aliiweka sawa kanga yake. "Nilichokiona ni uso. Uliuokota kwetu ukaupaka mafuta. Mtoto sikumwona siku ile, na leo simwoni. Mume wangu alikuwa mtu, alipalilia, alikohoa, alinikasirisha miaka hamsini. Jina lake si la kuvalisha ugonjwa. Nirudishie."

"Je, unathibitisha kwamba hukumwona—"

"Nirudishie!"

Yule mtoto alibaki na mkono umenyooshwa. Halafu namba chini ya miguu yake ikafutika, na ile pua, na macho, na ngozi ile inayong'aa vikaondoka kimoja kimoja, kama mtu anavua nguo za harusi za kuazima. Ikabaki theluji, chumba kizima, ikielea juu ya vichwa vyetu mpaka shangazi mmoja akaishika mkononi kuona kama ni baridi. Mama Aikande hakuinamisha uso. Machozi yalimtoka hapo, akiwa amesimama wima, na hakuyafuta.

Simu ya Dokta Mrindoko ikalia. Akaisoma. "Kabati limefunguka," akasema, na kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. "Twende. Sina dakika ya kupoteza na wewe."

"Nitapona, Dokta?"

"Utatukana watu mwaka huu na ujao. Zaidi ya hapo muulize Mungu. Kusafisha kuna hatari ya damu, nimekuandalia chupa za kutosha. Twende!"

Aminieli akageuza kitanda. Nikiwa mlangoni nikasikia Urio amepata sauti yake. "Chumba kinafungwa! Hitilafu ya mitambo. Familia zote ziondoke tafadhali. Tutawapangia siku nyingine."

Shangazi za Siaeli wakaanza kukusanya vikapu vyao. Siaeli akanitazama kutoka kwenye kile kiti. Alikuwa ameitazama ile theluji mpaka mwisho, na mkono wake ulikuwa juu ya tumbo lake.

"Dada Zubeda," nikasema, "huyu hana namba bado."

"Nimemwona," akasema Dokta. "Anakufuata wewe. Kwanza apimwe, bila poda. Kama yupo mtoto, atajulikana yupo."

"Nimesema chumba kinafungwa," akarudia Urio.

Mama Aikande alivuta kiti cha wageni wa heshima, akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Miguu ameinyoosha, mikono amekunja, kanga ya msiba ameifungua kichwani na kuifunga kiunoni.

"Mama, tafadhali. Nakuomba urudi nyumbani."

"Nyumbani nina nini, baba? Walikuwa wamechimba kaburi, nimewaambia wafukie. Sina wa kumzika." Akawageukia zile sare za zambarau. "Nyie akina mama, ingizeni binti yenu. Kaeni. Midomo ifungwe, macho yafunguliwe. Na wewe Urio, kalete hizo picha nyingine, zote. Leo nimeshinda bila msiba, sina haraka ya kwenda popote."

Shangazi mkubwa alimtazama Urio, akamtazama Mama, akaweka kikapu chake sakafuni akakaa. Wengine wakakaa nyuma yake, mmoja mmoja, bila kigelegele.